Vipuri vya Taishokoto na Kipimo Kisichoandikwa

Katika ala zote zilizopata kubeba taarabu ya Mombasa, hakuna inayotegemea chuma kama taishokoto. Udi ni mbao na nyuzi. Kigingi chake kikivunjika, seremala mwenye mkono mzuri atachonga kingine kwa mti mgumu na shughuli itaendelea. Kibangala cha Lamu ni mbao na ngozi, vitu ambavyo pwani haijawahi kuvikosa. Taishokoto ni habari nyingine. Ni sanduku refu jembamba, juu yake zimelazwa nyuzi za chuma, na juu ya nyuzi vimepangwa vibonye vya duara kama vya taipureta. Mpigaji akibonyeza kwa mkono wa kushoto, wenzo wa chuma hushuka na kuukandamiza uzi juu ya tuta dogo la chuma lililopigiliwa ubaoni, huku mkono wa kulia ukiuchapa uzi huo kwa risha. Akiachia, springi huurudisha wenzo juu. Kila kiungo cha kazi hiyo, kuanzia wenzo na pini inayoubeba hadi springi na tuta, kilikatwa kwa mashine ya kiwandani mbali na hapa, na kwa ala za zamani vipuri hivyo havipatikani tena dukani. Ala ambayo vibonye vyake vitatu vimekwama haipigiki, hata kama mbao zake ni nzima na nyuzi zake ni mpya.

Nani basi avitengeneze vipuri hivyo upya, na kwa njia gani? Nadhani vitengenezwe papa hapa kisiwani Mombasa, na sababu zangu nitazieleza. Lakini nasema mapema kwamba kinachozuia kazi hii ni kitu ambacho watu hawakitaji. Chuma kipo, mashine zipo, mikono ipo. Kinachokosekana ni kipimo kilichoandikwa: karatasi inayosema wenzo huu una urefu gani, unene gani, tundu lake liko wapi, na springi yake inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Bila karatasi hiyo kila fundi huanza upya, na kila anapoanza upya ala hupoteza kidogo cha sauti yake.

Historia ya ala yenyewe inafafanua kwa nini kipimo kimekosekana. Taishokoto ilibuniwa mwaka 1912 katika mji wa Nagoya, Japani, na Morita Goro, aliyeunganisha kinanda cha nyuzi cha kwao na ufundi wa taipureta. Ilikuwa bidhaa ya bei nafuu, iliyokusudiwa kununuliwa na mtu wa kawaida, na bidhaa za namna hiyo husafiri. Huko India ikawa bulbul tarang. Huko Balochistan ikawa benju, na mafundi wa Karachi waliikuza kwa urefu na kwa sauti hadi ikawa ala ya Mabulushi wenyewe. Nao Mabulushi wana ndugu zao Mombasa, wazao wa askari wa masultani wa Oman, wanaojulikana hasa mtaa wa Makadara. Tangu mwaka 1926 kampuni ya Osaka Shosen Kaisha ilikuwa na safari za kawaida za meli kati ya Japani na Afrika Mashariki, na vitambaa, vyombo na vikorokoro vya Kijapani vilijaa katika maduka ya pwani yetu. Bandari iliyo wazi upande wa Bombay, Karachi na Osaka kwa pamoja haikuwa na namna ya kuikosa ala hii. Mombasa iliipokea ikaipa kazi ambayo Nagoya haikuiwazia, yaani kuongoza nyimbo za harusi zenye mdundo wa chakacha, ikishindana na ngoma, vigelegele na vipaza sauti. Nyimbo za Zuhura Swaleh pamoja na Maulidi Musical Party, zilizotolewa nje ya nchi mwaka 1992 katika albamu ya Jino la Pembe, zinaionyesha kazi hiyo vizuri: sauti kali ya chuma inayojibizana na mwimbaji na kumsukuma mbele. Kwa hiyo tunayo ala iliyotengenezwa na viwanda tofauti, katika nchi tofauti, kwa vipimo tofauti, ikaletwa na wafanyabiashara ambao hawakuwa na haja ya kuleta michoro yake. Iliuzwa kama kitu cha kununua kingine kikiharibika, na siku hizi hicho kingine hakipo.

Kwa nini tusivichukulie vipuri kama jambo la pembeni? Kwa sababu katika taishokoto usahihi wa sauti umo ndani ya chuma. Mpigaji wa udi hana matuta shingoni mwa ala yake. Sauti ikipotoka, kidole chake kinasogea nywele moja na sauti inarudi. Ndiyo maana udi unaweza kupita katika maqamu za Kiarabu, zenye hatua ambazo piano haina. Mpigaji wa taishokoto hana uhuru huo. Kidole chake kiko juu ya kibonye, mbali na uzi, na mahali uzi unapokatwa paliamuliwa na mtu aliyepigilia matuta. Chukua uzi wenye urefu wa sentimita 60. Mpangilio wa sauti 12 zenye nafasi sawa hutaka kila tuta liondoe sehemu moja ya 17.817 ya urefu uliobaki. Tuta la kwanza hukaa milimita 33.7 kutoka mwanzo wa uzi, la pili milimita 31.8 mbele yake, na nafasi huendelea kupungua hadi tuta la 12, ambapo uzi umebaki sentimita 30 kamili. Hapo, kosa la milimita moja tu husogeza sauti kwa sehemu moja ya 17 ya nusu toni. Ukifika karibu na mwisho wa oktava ya pili, kosa hilohilo hufikia sehemu moja ya tisa. Mtu anaweza kusema hayo ni madogo. Yangekuwa madogo kama uzi ungelia peke yake. Lakini taishokoto ina nyuzi nyingine zinazolia sauti moja bila kubonyezwa, na sikio hulinganisha kila noti na nyuzi hizo papo hapo. Kosa dogo linakuwa mtetemo unaosikika, na wimbo mzima unaonekana umechoka.

Wenzo nao una sehemu yake katika usahihi huo. Ncha yake inatakiwa kutua nyuma kidogo ya tuta. Ikitua mbali, uzi unavutika kupita kiasi na sauti inapanda. Ikitua juu ya tuta lenyewe, uzi unakwaruza na kuzimika. Wenzo uliopinda kidogo, au wenye tundu lililopanuka, huyafanya yote mawili kwa zamu, kutegemea nguvu ya kidole. Ndiyo sababu nasema anayetengeneza kipuri cha ala hii anagusa wimbo wenyewe.

Si vipuri vyote vyenye uzito sawa, na hapa watu wanaojaribu kuzifufua ala hizi mara nyingi hupoteza fedha mahali pasipostahili. Nyuzi si tatizo, maana nyuzi za gitaa za chuma zinauzwa na zinafaa. Vigingi vya kukazia vinaweza kubadilishwa kwa vya gitaa bila madhara, mradi seremala asiharibu mbao anapotoboa. Vifuniko vya vibonye, vile viduara vyenye namba, ni suala la sura tu. Vitu vitatu ndivyo visivyo na mbadala wa dukani unaoingia moja kwa moja, yaani nyenzo, springi na matuta. Na vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoliwa kwanza na hewa ya Mombasa. Chumvi inayobebwa na upepo wa bahari hupenya katika vitundu visivyoonekana vya nikeli iliyopakwa juu ya chuma, na ikishafika ndani kutu hutambaa chini ya nikeli bila kuonekana, hadi siku ngozi yote inapobanduka. Pini ya chuma ikikaa ndani ya tundu la shaba katika unyevu wenye chumvi, chuma huliwa haraka zaidi kuliko kingekuwa peke yake, kwa sababu metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi ya betri. Ala iliyokaa Nairobi miaka 40 na iliyokaa Mji wa Kale miaka 40 zina umri mmoja kwa kalenda tu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Njia ya kwanza inayomjia fundi yeyote ni kuchukua wenzo mzima kutoka kwenye ala, kuukandamiza kwenye mchanga, na kusubu mwingine. Mafundi wa jua kali Kenya nzima wanasubu sufuria za alumini kwa mchanga kila siku, na masonara wetu husubu pete na bangili kwa kalibu ndogo sana. Ufundi upo. Lakini metali hujikunyata inapopoa. Alumini hupungua kwa karibu asilimia 1.3, shaba ya manjano kwa karibu asilimia 1.5. Wenzo wa milimita 80 ukinakiliwa kwa shaba kwa njia hiyo utatoka na upungufu wa milimita 1.2. Fundi mwingine akija mwaka ujao akanakili nakala hiyo, upungufu unakaribia milimita 2.4, na ncha ya wenzo imeshahama upande wa pili wa tuta. Wachonga vielelezo vya kusubu katika viwanda vikubwa walilijua jambo hili zamani, wakawa wanapima kwa rula maalumu iliyo ndefu kidogo kuliko rula ya kawaida ili kufidia mkunyato wa metali. Rula hiyo, hata hivyo, inamsaidia anayejua urefu unaotakiwa. Anayenakili sampuli hana anachokifidia.

Tena sampuli yenyewe ni mgonjwa. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alitazame kwa karibu. Wenzo uliofanya kazi miaka 50 haufanani na ule uliotoka kiwandani. Tundu lake, lililokuwa duara, limekuwa yai, kwa sababu pini imelisugua upande mmoja maelfu kwa maelfu ya mara. Ncha yake imelika pale inapokutana na uzi na kubaki na mfereji mdogo. Sehemu nyingine zimevimba kwa kutu, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Huenda pia mtu aliwahi kuukunja kwa koleo ili kurekebisha kasoro nyingine. Fundi mwaminifu anayeunakili wenzo huo kwa uangalifu mkubwa atanakili uchakavu wote huo, na atatoa kipuri kipya chenye maradhi ya zamani. Dawa yake ni kupima nyenzo nyingi za ala moja, kisha ala kadhaa za aina moja, na kutafuta kinachojirudia. Nyenzo za pembeni, ambazo hazibonyezwi sana, huwa zimebaki karibu na hali zilivyotoka. Tundu la yai lina upande mmoja ambao haukuguswa, na upande huo ndio unaoonyesha kipenyo cha asili. Kazi hii haihitaji mashine ya ajabu. Inahitaji kalipa nzuri, kikuza, daftari, na mtu anayejua kwamba anachokitafuta ni wenzo wa zamani kabla haujatumika, na kwamba huo ulio mkononi mwake ni ushahidi tu.

Springi zinastahili maneno yake, kwa kuwa ndizo zinazodharauliwa zaidi. Mtu huona springi imekatika, akachukua waya wowote mgumu, akauzungusha kwenye msumari, akaridhika. Kumbe ugumu wa springi ya kuzungushwa hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 0.6 badala ya 0.5, ukizungushwa kwa upana na idadi ileile ya mizunguko, unatoa springi yenye ugumu mara mbili na zaidi. Kibonye kimoja kigumu maradufu kati ya jirani zake wawili kinavunja mwendo wa vidole, na mpigaji ataanza kukikwepa, kisha atakwepa na vipande vya wimbo vinavyokipitia. Springi laini mno nayo huuacha wenzo ukichelewa kuinuka, na noti inayofuata inakuta uzi haujaachiwa. Kupata springi sahihi basi ni kupata waya sahihi wa chuma cha pua, kutoupasha moto hovyo, na kuhesabu mizunguko. Afrika Mashariki haikuanza jana kuchagua chuma kwa ajili ya muziki. Watengenezaji wa ilimba na ala za jamii yake, kutoka Ugogo hadi Uganda, walitambua siku nyingi kwamba njiti ya baiskeli, fito ya mwavuli na msumari uliopondwa havitoi mlio mmoja, wakachagua kwa sikio na kupatanisha kwa tupa. Maarifa hayo ni ya kweli na ni yetu. Kilichowasaidia ni kwamba ilimba inaruhusu kila ulimi usogezwe na kurekebishwa baada ya kufungwa. Taishokoto haitoi nafasi hiyo, na ndipo kipimo kinapolazimika kutangulia sikio.

Je, nani Mombasa anaweza kuifanya kazi hii? Nikitazama kisiwa kizima naona uwezo mwingi kuliko watu wanavyodhani. Karakana za kutengeneza meli za Mbaraki zimezoea kukereza sehemu za pampu na injini ambazo watengenezaji wake walishafunga viwanda. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kule Tudor, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya Waislamu ya mafunzo ya ufundi, MIOME, na kufundisha uhandisi na fani zake ndiyo asili yake. Masonara wa Mji wa Kale wana misumeno laini kama nywele, tupa ndogo na macho yaliyozoea sehemu za milimita. Mbele ya kazi ya taishokoto kila kundi lina pengo lake. Karakana ya meli haishiki kwa urahisi kazi ya bati la unene wa milimita moja. Chuo kina mashine lakini hakina mteja anayekuja na swali. Sonara ana mkono lakini hufanya kazi kwa sampuli: unamletea kidani, anakupa kidani. Kinachoweza kuwaunganisha wote ni mchoro mmoja wenye vipimo, ambao chuo kinaweza kukata kwa mashine ya kompyuta, sonara akamalizia kwa tupa, na mfua springi akajua afuate waya gani. Ukiwa na mchoro, ukubwa wa oda haukutishi: ala moja ina nyenzo zaidi ya 20, na zikikatwa kwa pamoja kutoka bati moja, ala moja peke yake ni oda ya kutosha kuifanya mashine iwashwe.

Yapo mapingamizi, na mengine yana nguvu. La kwanza ni kwamba Japani bado inatengeneza ala hii. Kampuni ya Suzuki ya Hamamatsu inaiuza hadi leo, na vikundi vya watu wazima huko huipiga kwa pamoja. Kwa nini tusinunue mpya? Kununua mpya ni sawa kabisa kwa anayetaka ala. Lakini ala hizo zimekua kwa kufuata mahitaji ya wapigaji wa huko, wanaokaa chumbani na kupiga nyimbo kwa upole. Vipuri vyake havilazimiki kuingia kwenye sanduku la zamani, maana hakuna kipimo cha pamoja kinachowafunga watengenezaji wote. Na ala yetu ya zamani, ile iliyosikika katika kanda za Mombasa, inabaki bubu ileile. Hakuna mtu Hamamatsu mwenye sababu ya kutengeneza wenzo kwa ajili ya ala ya harusi za Mombasa. Sababu hiyo tunayo sisi.

La pili ni kinanda cha umeme. Kimeshaingia katika taarabu tangu zamani, kinabebeka, hakishiki kutu kwa kasi hiyo, na kina kibonye cha kuiga karibu kila ala. Siwalaumu wanaokitumia, bendi ina gharama zake, na mwenye harusi analipa kwa usiku mmoja. Hata hivyo kinanda hakiwezi kurudisha tendo la risha kuchapa uzi wa chuma uliokandamizwa na chuma. Katika taishokoto kila noti huanza na mchapo mkali na kufa upesi, na mpigaji hujaza pengo kwa kurudia mchapo huo haraka haraka. Ndiyo asili ya ule mwendo wa kuhangaika unaoifanya chakacha ichezeke. Aliyejifunza juu ya kinanda hana sababu ya kuujua mwendo huo, kwa kuwa noti yake inaendelea kulia yenyewe. Chuma kikiondoka, namna ya kupiga nayo inaondoka.

La tatu ndilo zito zaidi kwangu. Wapo wanaosema kwamba ukishabadilisha nyenzo, springi na matuta, ala iliyobaki si ile tena. Afadhali iwekwe kwenye kabati la kioo ikiwa na kutu yake, kwa sababu kutu hiyo ni ya kweli. Wana hoja kwa ala chache sana: kama ipo ambayo haijawahi kufunguliwa, na vyuma vyake vyote ni vya kiwandani, basi iachwe kama ilivyo, kwani ndiyo ushahidi bora wa kipimo. Kwa zilizobaki, nadhani wanaangalia vibaya uhalisi umo wapi. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilibadilishwa na Wareno wenyewe, kisha na Waarabu wa Oman walioitwaa mwaka 1698, kisha na Waingereza walioifanya gereza, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na viraka vyake vyote. Nyumba za Mji wa Kale zinasimama kwa sababu boriti zilizooza zilitolewa na nyingine kuingizwa. Wajapani wenyewe walikuwa wenyeji wa mkutano wa Nara mwaka 1994, uliotoa tamko kwamba uhalisi wa urithi upimwe kwa mujibu wa utamaduni ulio nao, na kwamba matumizi, ufundi na roho ya kitu ni sehemu ya uhalisi huo pamoja na umbo na malighafi. Ala ya harusi ni halisi inapopigwa harusini. Ila ukweli una haki yake: kila kipuri kipya kipigwe alama ndogo ya fundi na mwaka mahali pasipoonekana kwa mbali, na kila kilichotolewa kihifadhiwe kwenye mfuko pamoja na ala. Alama ya kiwanda cha zamani isinakiliwe kamwe, kwa kuwa huo utakuwa udanganyifu kwa mnunuzi wa kesho. Kuhusu umbo la kipuri sheria haizuii kitu; hataza nchini Kenya hudumu miaka 20, na ubunifu wa mwaka 1912 umeshakuwa mali ya wote.

Fort Jesus ina funzo jingine, na hili ni la ufundi mtupu. Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa yaliyoishia kwa Waarabu wa Oman kuitwaa, na kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wanaakiolojia waliichunguza na kutoa vitu vyake chini ya maji. Ilibidi maabara ya kuhifadhi ianzishwe ngomeni, kwa sababu chuma kilichokaa baharini kikitolewa na kuachwa kikauke, chumvi iliyo ndani yake hukipasua. Lazima chumvi itolewe kwanza kwa kuloweka, kwa muda mrefu, ndipo chuma kikaushwe na kufunikwa. Wenzo wa taishokoto haujazama baharini, lakini umekuwa ukila chumvi ileile kidogo kidogo. Mtu anayeusugua kwa msasa na kuupaka mafuta papo hapo anaifungia chumvi ndani. Maarifa ya kuzuia hilo yamekuwapo ngomeni, mwendo wa dakika chache kutoka mtaa wa Ndia Kuu, na yanawafaa wenye ala kama yalivyowafaa wanaakiolojia.

Lipo pia pingamizi la metali, nalo nitalijibu. Kuna wanaotaka kila kipuri kitengenezwe kwa metali ileile ya awali. Wapenzi wa gitaa la chuma la Kihawaii, lile linalolazwa na kupigwa kwa kuburuza nondo juu ya nyuzi, na ambalo kubuniwa kwake huhusishwa na Joseph Kekuku, wamelipitia swali hili kabla yetu. Baadhi ya gitaa za kanyagio za jamii hiyo, za Sho-Bud, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957 na Shot Jackson na Buddy Emmons, zilikuwa na sehemu za zinki ya kumimina ambazo baada ya miongo zilianza kupasuka. Mafundi waliozitengeneza upya walikata nyingi kwa alumini au chuma badala ya kurudia metali iliyoshindwa. Nafuata njia yao, kwa mpaka mmoja. Pini na springi ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kwa Mombasa kichaguliwe kile chenye molibdeni, kinachojulikana kwa namba 316, kwa kuwa kile cha kawaida huchomwa na chumvi. Matuta yawe ya waya uleule unaouzwa kwa watengenezaji wa gitaa, wa shaba iliyochanganywa na nikeli. Wenzo ubaki wa chuma cha unene uleule wa asili, kwa kuwa uzito wake ndio unaoamua kasi ya kurudi, na kibonye kinachorudi polepole hakifai hata kikiwa kinang'aa.

Limebaki suala la nani alipe, na silifichi kwamba ni gumu. Wenye ala ni wachache na wengi si matajiri. Lakini gharama kubwa katika kazi hii ni ya mara moja tu, nayo ni kupima na kuchora. Kukata nyenzo baada ya hapo ni gharama ya bati na saa za mashine. Ndiyo maana kipimo kinafaa kulipiwa na umma na kipuri kilipiwe na mwenye ala. RISSEA, taasisi ya utafiti wa masuala ya Waswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapa Mombasa, ndiyo mahali panapostahili kuiweka michoro hiyo, wazi kwa fundi yeyote bila malipo, pamoja na kanda na picha za wapigaji. Wanafunzi wa Tudor wanaweza kuichora kama kazi ya masomo. Masharti yawe mepesi: kila anayetumia mchoro arudishe taarifa ya alichokibadilisha na jinsi kilivyofanya kazi baada ya kusi moja na kaskazi moja.

Na kazi ianze na springi, kwa sababu ni rahisi, zikikosewa zinatolewa bila kuacha alama, na zinaweza kufufua ala nyingi zilizokwama kwa sababu hiyo pekee. Nyenzo zifuate, kwanza zile zilizokatika, kisha zenye matundu ya yai. Ubao wa matuta uguswe mwisho, baada ya sauti ya kila kibonye kupimwa nyuzi zikiwa mpya na springi zikiwa sahihi. Mara nyingi itaonekana kwamba matuta hayakuwa na kosa, na kwamba upotovu wote uliosikika ulitoka kwenye nyenzo zilizopinda.